Shangazi Mkasi na Msumari wa Tatu

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na mbili. Hiyo ndiyo hesabu yetu sisi wa masjala, na masjala haikosei ikiamua. Tarehe thelathini ya mwezi huu fundi wa chumba cha kushonea cha hospitali yetu anastaafu rasmi. Kwa kuwa alikuwa na siku za likizo alizozilimbikiza kama anavyolimbikiza vifungo, alikaa kwenye cherehani kwa mara ya mwisho Ijumaa iliyopita. Jarida hili la watumishi limeombwa limwandikie maneno machache. Tumekataa hayo machache.

Kwenye orodha ya watumishi ana jina kamili, lakini ukiliita jina hilo koridoni hatageuka mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Sisi sote, tangu mfagizi hadi daktari wa upasuaji, tunamwita Shangazi Mkasi. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Anachukua nguo za hospitali zilizochakaa, yaani mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, suruali za walinzi na sare za wapishi, anazifumua, anazikata, anazishona upya ziwe nguo za watoto waliolazwa. Mtoto huletwa hapa mbio mbio akiwa amefungwa kwenye chochote kilichokuwa karibu, na kabla saa moja haijapita ameshakitapikia hicho chochote. Anataka nguo kavu na laini sasa hivi, si baada ya kikao.

Wapo wasomi, wengine wanalisoma jarida hili wakiwa wamekunja uso, wanaoamini kwamba kumvisha mtoto nguo iliyotokana na nguo kuukuu ni kumdhalilisha. Tuwaulize swali moja: nani kati yenu alizaliwa akapokelewa na kitambaa kipya? Nguo mpya ni ngumu kama bahasha, inakwaruza, inanuka duka. Shuka lililofuliwa mara mia tatu ni laini kuliko hoja zenu zote. Mtoto mwenye homa analijua hilo bila shahada.

Shangazi Mkasi aligundua jambo ambalo halimo katika kitabu chochote tulichowahi kukisoma, na tumesoma vingi. Kila kazi huua nguo mahali pake. Suruali ya mlinzi hufia kwenye makalio. Sare ya mpishi hufia tumboni, ya mfagizi magotini, koti la daktari hufia mfukoni kwa ajili ya kalamu zinazovuja, na shati la karani hufia kwenye viwiko. Mpe nguo yoyote bila kumwambia ni ya nani, ataipapasa akiwa amefumba macho, kisha atakwambia mwenyewe anafanya kazi gani na kama anaifanya kweli. Lakini mgongo, anasema, mgongo wa nguo huwa hauchakai, maana watu wazima hawafanyi kazi kwa mgongo, isipokuwa wapagazi. Ndiyo sababu watoto wetu wote kwa miaka thelathini na moja wamevaa migongo ya watu wazima. Mgongo mmoja wa daktari mnene hutoa gauni zima na kofia.

Hakuanza akiwa bingwa. Wiki yake ya kwanza kazini alikata kaptula kumi na mbili kutoka kwenye pazia la chumba cha eksirei, akasahau kukigeuza kitambaa. Kwa hiyo kila kaptula ikawa na miguu miwili, na yote miwili ni ya kushoto. Watoto walizivaa hivyo hivyo. Wauguzi wa zamani wanaapa kwamba wodi nzima ya watoto wiki ile ilitembea kwa kukata kona, na kwamba mtoto mmoja aliyetumwa kunawa mikono alirudi alikotoka bila kukusudia. Shangazi hakuzificha. Kaptula moja aliitundika juu ya cherehani, ipo hadi leo, ili kila akiinua macho aone alikotoka.

Baada ya hapo alipanda ngazi kwa kasi. Ndiye aliyebuni shati la dripu, lenye mkono unaofunguka kwa vifungo kuanzia begani hadi kwenye kifundo, ili mtoto aliyechomekwa sindano avalishwe bila kuchomolewa. Wodi tatu zinalitumia. Ndiye aliyetuokoa pale kiwanda fulani cha saruji kilipotuletea, kwa tarumbeta na picha, fulana mia mbili kwa ajili ya watoto wagonjwa, zote za saizi ya mbeba mizigo. Alizikata zote. Kwa miezi sita tulikuwa na watoto wachanga wenye neno IMARA kifuani ambao shingo zao zilikuwa bado hazijakaza. Na mapazia ya ukumbi wa bodi yalipobadilishwa, yale yenye maua makubwa kama sinia, alishona magauni ishirini na tisa. Mjumbe mmoja wa bodi alipotembelea wodi alisimama mlangoni, akasema anahisi kama yuko kikaoni, tofauti ni kwamba hapa watu wanasema wanachotaka.

Huwezi kumzungumzia Shangazi Mkasi ukamwacha Dobi. Dobi ndiye mkuu wa chumba cha kufulia, mlango wa pili kutoka kwake, na kwa miaka ishirini na miwili hawa wawili wamebishana juu ya swali moja tu: shuka hufa lini? Dobi anaamini kwamba shuka likiwa bado linaweza kuanikwa, li hai. Shangazi anaamini Dobi ana roho ya bahili wa nyuzi. Dobi alikuwa akiyaficha mashuka mabovu chini ya mashuka mazima. Shangazi alikuwa akiingia chumba cha kufulia kwa kisingizio cha kuomba sabuni na kutoka amenenepa kiunoni. Shangazi alimwita Dobi mfufua maiti, Dobi akamwita mchimba kaburi. Watu walianza kula chakula cha mchana karibu na milango yao ili wasikose.

Amani ilipatikana kwa gazeti. Walikubaliana hivi: nguo inatandazwa juu ya gazeti, na kama maandishi yanasomeka kupitia kwenye kitambaa, basi imekufa, Dobi apende asipende. Ndipo ikapigwa misumari mitatu nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea. Wa kwanza ni wa walio hai: hapo mgeni hutundika koti na mwavuli wake. Wa pili ni wa wagonjwa, yaani nguo za kutiwa kiraka na kurudi kazini. Wa tatu ni wa marehemu. Kilichofika msumari wa tatu kimeshapita kwa Dobi, kimeshapita kwa gazeti, hakina rufaa. Hapakubandikwa tangazo. Mtumishi mpya huambiwa habari za misumari siku yake ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo.

Yote haya yalikuwa yaishe. Mapema mwaka huu walikuja washauri, watu wawili wenye tabasamu moja, wakazunguka hospitali siku nne, wakaandika ripoti. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema chumba cha kushonea ni shughuli isiyo ya msingi, kwamba fundi akistaafu asiajiriwe mwingine, na chumba kigeuzwe stoo ya karatasi. Tunarudia: watoto wakae uchi ili karatasi zipate pa kulala. Shughuli ya msingi, kwa mujibu wa ripoti hiyo, ni pamoja na kuandika ripoti. Tulimjibu mmoja wao kwa barua ya kurasa sita. Hadi leo hajajibu, nasi hatujachoka kusubiri.

Shangazi Mkasi hakuandika barua. Alishona kuanzia asubuhi hadi saa ya kutoka, akalijaza kabati magauni kama mtu anayengoja njaa. Muuguzi mkuu alimbembeleza apumzike kidogo, sasa ni mtu wa kuagwa. Alijibu kwamba kuagwa hakumwumi. Kinachomwuma ni cherehani kunyamazishwa siku ile ile anayoondoka yeye, kana kwamba miaka yote ilikuwa kelele yake binafsi. Alitaka kitu kimoja tu, akitoka mlangoni, nyuma yake asikie mtu anashona.

Mkurugenzi wetu ni mtu mwema mwenye washauri wabaya. Alikuwa na miezi minane tu hapa, na habari za misumari hakuwahi kuambiwa, kwani kwenye semina ya watumishi wapya yeye ndiye aliyekuwa akitoa hotuba. Jumanne moja, yapata saa nne asubuhi, aliingia chumba cha kushonea na utepe wa kupimia, apime kuta kwa ajili ya rafu za karatasi. Mfukoni alikuwa na barua ya kukifunga chumba, imeshachapwa, inangoja sahihi.

Shangazi alikuwa amempa mgongo, anapiga pasi, mvuke umejaa chumba. Kwa wiki tatu alikuwa ameahidiwa fundi umeme. Aliposikia hatua alidhani ndiye huyo, hakugeuka. Alimwelekeza kwamba kasoro iko juu kule pembeni, na asithubutu kukanyaga vifungo. Mkurugenzi, kwa adabu yake, akatazama juu kule pembeni. Joto likamzidi, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akapima kuta mbili. Simu ikalia, akaitwa kikaoni, akatoka na shati lake.

Shangazi alipogeuka alikuta koti la kijivu kwenye msumari wa tatu. Asubuhi ile Dobi alikuwa ameleta vitu vitano, Shangazi akadhani hicho ni cha sita. Hata hivyo, kwa uaminifu wake, alilipima tena kwa gazeti, na viwiko vikasomeka vizuri sana. Anasema alidhani ni la mtu wa masjala, jambo ambalo masjala tumelisamehe bila kulisahau. Akatoa vilivyokuwamo mfukoni, bahasha moja na peremende, akavitia kwenye mkebe wa biskuti anamohifadhi mali zote za mifukoni. Humo mna funguo, nusu ya meno ya bandia na barua inayosemekana kuwa ya mapenzi aliyoandikiwa mpishi mmoja, nayo haijasomwa na mtu, maana sheria yake ni kwamba cha mfukoni hakisomwi. Kisha akashika mkasi.

Kabla ya saa ya chakula koti lilikuwa limeshakuwa kizibao, kofia na kaptula mbili zenye mifuko ya bitana ya hariri.

Kaptula moja ilikwenda kwa binti wa miaka minne aliyekuwa kitanda cha mwisho. Mguu wake ulikuwa umeshapona tangu wiki iliyotangulia, ila yeye mwenyewe alikuwa hajakubali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amejaribu maputo, peremende, na mwishowe kuimba, akaombwa aache. Binti alivalishwa kaptula ya kijivu, akaigundua mifuko, akaitumbukiza mikono yote miwili. Hariri ile ilimkolea, hakutaka kuitoa mikono. Na kwa kuwa hakutaka kuitoa, hakuwa na mkono wa kushikia kitanda. Akasimama hivyo hivyo, akaanza kutembea katikati ya wodi, uso umekunjwa, akisimama kila kitanda kutazama mgonjwa. Wauguzi wakatazamana. Mmoja akamwamkia.

Mkurugenzi alitoka kikaoni, akamkuta Dobi koridoni, akamwuliza kama ameona koti. Dobi akaelewa papo hapo. Akamwelekeza jikoni. Jikoni, waliokuwa wameshapata habari, wakamwelekeza maabara. Maabara wakasema makoti yote hupitia famasia siku hizi. Baada ya nusu saa mkurugenzi alirejea chumba cha kushonea peke yake na kuikuta mikono miwili ya koti lake mezani, imelala sambamba kama samaki. Kilichofuata tunakijua kutoka kwa Dobi, aliyekuwa ametangulia kujificha nyuma ya ule ule mlango wenye misumari.

Shangazi alivua miwani, akamtazama.

"Ulilitundika msumari upi, mwanangu?"

Mkurugenzi akauonyesha.

"Huo ni wa marehemu."

Mkurugenzi akasema koti lake halikuwa limekufa, alikuwa amelivaa. Shangazi akachukua mkono mmoja, akautandaza juu ya gazeti, akamsomea kupitia kwenye kiwiko matokeo ya mpira, pamoja na jina la aliyekosa penalti. Mkurugenzi akapandisha sauti. Akasema anataka koti lake, lote, leo.

"Liko wodini," Shangazi akamwambia. "Kawavue."

Alikwenda, na nusu ya hospitali ikamfuata kwa mbali ikijifanya ina kazi upande ule. Alipoingia wodi ya watoto alikutana uso kwa uso na mkurugenzi mdogo, kaptula ya kijivu, mikono mfukoni, anakuja taratibu akikagua vitanda. Wote wawili wakasimama. Mkubwa naye, bila kujua, alikuwa ametia mikono mifukoni. Binti alimtazama kutoka chini hadi juu.

"Na wewe unaumwa wapi?"

Wauguzi wanasema mkurugenzi alijibu kwamba anaumwa goti. Binti akamwamuru asimamie mguu mmoja tuone. Akasimamia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akasogea, akamnong'oneza kwamba huyu mtoto hajakanyaga sakafu kwa siku tisa. Hapo mkurugenzi hakumvua mtu. Alisimama kwa mguu mmoja mpaka aliporuhusiwa kuuteremsha wa pili.

Aliporudi chumba cha kushonea hakuulizia koti. Aliulizia vitu vya mfukoni. Shangazi akampa mkebe wa biskuti. Akayapita meno, akazipita funguo, akaitoa bahasha yake, akaishika muda mrefu kuliko inavyohitaji bahasha. Kisha akairudisha mkebeni, akachukua peremende, akafunika. Barua hiyo imo humo mpaka leo, chini ya ile ya mpishi, nayo pia haijasomwa.

Lakini alisema ukweli wake, kwamba kuajiri mtu mpya hakuwezekani. Akauliza: mama, ukiondoka, nani ataifanya kazi hii? Swali hilo ndilo lililokuwa likimnyima Shangazi raha miezi yote ile.

"Mimi," mlango ukasema.

Dobi, aliyekuwa bado amejificha, akatoka nyuma yake. Alieleza, akiangalia sakafu, kwamba tangu mashine mpya za kufulia zifike mchana wake ni mtupu. Kwamba miaka ishirini na miwili ya kusimama hapa akibishana, macho yalikuwa kwenye mkono wa fundi hata mdomo ulipokuwa kwenye shuka. Kwamba nyumbani amenunua cherehani ya mkono na mkewe anadhani ni ya shemeji.

Shangazi alisema bora pafungwe.

Hata hivyo alimpa mtihani: kaptula kumi na mbili kutoka kwenye pazia moja, ndani ya siku mbili. Dobi alizileta amezikunja vizuri, kapiga pasi, pindo zimenyooka, lastiki imekaa sawa. Shangazi alifungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akafungua zote, akaketi chini, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio kumpima presha. Zote kumi na mbili zilikuwa na miguu miwili ya kushoto. Akainua macho kwenye ile kaptula ya juu ya cherehani, akamwambia mkurugenzi kwamba huyu amefuzu, anaanzia pale pale alipoanzia yeye.

Kwa miezi minne wameshona bega kwa bega na kugombana kwa faida. Kuanzia mwezi ujao chumba ni cha Dobi kila mchana, na rafu za karatasi zimekwenda ofisini kwa mkurugenzi, ambako karatasi zinatoka. Ile mikono miwili ya koti haikupotea. Shangazi aliishona iwe mito miwili midogo, akaipeleka kwenye meza ya mkurugenzi, aegemeze viwiko. Koti lake jipya, tunaambiwa, lina afya njema, na hulitundika msumari wa kwanza.

Nyumbani Shangazi anasubiriwa na mumewe, dereva mstaafu, ambaye tangu asikie habari za kustaafu huku amenunua kufuli la sanduku la nguo. Wajukuu saba tayari wamevaa mashati yake ya ujana, na anasema hayo yaliyobaki atayalinda kwa maisha yake.

Ijumaa iliyopita, saa kumi kamili, Shangazi Mkasi alifunika cherehani, akavua aproni aliyoivaa tangu tukiwa vijana sisi tunaoandika haya, akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa tatu. Chumba kilikuwa kimejaa watu na hakuna aliyejua pa kutazama. Dobi akaishusha. Akatandaza gazeti mezani, akatandaza aproni juu yake, akainama karibu, akaondoa miwani, akaivaa tena.

"Bado, Shangazi," alisema. "Sioni hata kichwa cha habari."

Sisi tuliokuwa karibu tuliona wazi kila herufi, hadi tangazo la mabati. Miaka ishirini na miwili huyu amekuwa akisema bado, na yule akimwita mfufua maiti. Siku hiyo Shangazi hakubisha. Alichukua aproni yake, akaivaa, akafunga kamba kwa nyuma, akatoka nayo. Alipofika katikati ya korido cherehani ikaanza kulia nyuma yake. Alisimama kidogo kuisikiliza, akatamka kwa sauti ya kumfikia Dobi kwamba mshono huo umelegea, kisha akaendelea na safari yake.

Shangazi Mkasi, watoto wa hospitali hii, wengine sasa wana ndevu, wanakushukuru kwa migongo yote uliyowavisha. Sisi tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba kilicho kuukuu si kibovu, na waliosema vinginevyo wakitaka kujibu, anwani yetu wanayo. Nenda salama. Tunakutakia siku nyingi, ziwe nene na zenye kukaza nyuzi, hata wakikutandaza juu ya gazeti miaka thelathini ijayo, Dobi asione kitu.